Mdogo wangu amegoma, na vyondo vyangu viko nyumbani kwake

Shikamoo Mama,

Nakuandikia saa nane usiku. Kule Kanada ni saa moja jioni, na huu ndio wakati ambao mimi na mdogo wangu tumezoea kupigiana simu. Leo ni siku ya sita hatujapigiana.

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 43, naishi Kayole. Kwa miaka sita sasa nauza vyondo. Vinasukwa na kikundi cha akina mama 18 huko Machakos, kijiji alikozaliwa mama yetu, halafu navileta Kariokor kutiwa mikanda ya ngozi, na kutoka hapo vinapanda ndege. Wateja wangu karibu wote wako Kanada. Sikuwatafuta mimi. Aliwatafuta mdogo wangu, ambaye ni mpeleka barua wa Canada Post katika mji mmoja wa Ontario.

Mama yetu alipotuacha, mdogo wangu alikuwa kidato cha pili. Nilimlipia karo kwa kuuza mitumba Gikomba, na hilo silisemi kwa kujigamba, nalisema ili uelewe tulikotoka. Alipopata kazi huko, pesa za kuanzia biashara hii zilitoka mfukoni mwake, sh120,000, na hajawahi kuzidai. Mpango wetu ulikuwa hivi: kila baada ya miezi miwili namtumia shehena moja kubwa, yeye anaitoa forodhani na kulipa ushuru, anaipanga kwenye stoo ya chini ya nyumba yake, na kila oda inapoingia katika duka langu la mtandaoni anaifunga, anaibandika anwani na kuipitisha posta akienda kazini. Mteja analipa dola 70 za huko, kama sh6,500. Baada ya kila kitu hubaki pesa ya kula na ya karo.

Tarehe 25 Septemba 2025 serikali ya huko ilitangaza mabadiliko makubwa ya posta, pamoja na kuacha kupeleka barua mlango kwa mlango. Siku hiyohiyo chama cha wafanyakazi kikaitisha mgomo nchi nzima. Ni wa pili katika muda usiofika mwaka. Ule wa kwanza ulianza 15 Novemba 2024 ukaisha 17 Desemba, na Krismasi yangu ikaenda nao. Nilirudishia watu pesa mpaka nikakopa kwenye chama chetu cha akina mama wa ploti.

Sasa nina oda 58 ambazo zimelipiwa. Tisa mdogo wangu alizipeleka posta Jumanne, siku mbili kabla ya mgomo, na zimekwama humo. Arobaini na tisa ziko stoo kwake, zimefungwa, zimebandikwa majina. Na Machakos kuna vyondo 70 vya Krismasi vinavyosukwa. Mwenyekiti wa kikundi ameniuliza kama wasimamishe. Mama mmoja ameshachukua mkonge kwa deni.

Nilimwomba mdogo wangu avipeleke kwa kampuni binafsi za vifurushi. Alinyamaza kidogo, akasema, “Dada, usiniombe hilo. Mchana nisimame na bango, jioni nibebe mizigo niwapelekee wale wanaongoja tuanguke?” Nikamwambia mimi si serikali ya Kanada, mimi ni dada yake. Halafu nikasema neno ambalo sikupaswa. Nilimwambia karo yako ililipwa na mtu ambaye hakuwa na chama cha kumtetea. Akakata simu.

Siku mbili baadaye wifi yangu, yaani mkewe, akanitumia ujumbe. Anasema mume wake yuko kwenye mstari wa mgomo tangu asubuhi hadi alasiri. Nikimtumia orodha ya anwani, atavipeleka vyote kwa gari lake kwa siku tatu. “Hatajua, wifi. Akiuliza tutasema umempata mtu wa kuvichukua.” Sijamjibu.

Wateja watatu wameandika wakitaka pesa zao. Mmoja anasema ataipitia benki irudishwe kwa nguvu. Binti yangu ndiye anayejibu barua pepe, kwa sababu yuko nyumbani tangu 17 Septemba wahadhiri walipogoma. Juzi aliniuliza, “Mama, wahadhiri unasema wana haki yao. Mbona mjomba hana?” Nilijifanya sijasikia.

Nikubali msaada wa wifi? Na hivi vya Krismasi nivifanyeje?

Dada wa Vyondo, Kayole

Mama Mshauri anajibu

Marahaba, mwanangu. Pole kwa usiku huo, na pole kwa sita zilizotangulia.

Umeniuliza kuhusu mizigo, lakini barua yako imeanzia kwenye simu isiyolia. Nimeona hilo, na naamini hata wewe unaliona. Kwa hiyo nitajibu yote mawili, kwa kuwa yamefungwa kwa kamba moja: jinsi ya kuvitoa vyondo 49 kwenye stoo ya mtu ambaye dhamiri yake imemzuia kuvitoa, na jinsi ya kuongea tena na mtu huyohuyo baada ya lile neno la karo.

Kwanza nikuulize. Mdogo wako alikataa nini hasa? Ulimwomba yeye avipeleke, akasema usimwombe hilo. Hukuniandikia kwamba alikataza visipelekwe. Huenda kwake ni jambo moja. Huenda si moja. Mgomaji anaweza kukataa kuushika mzigo kwa mikono yake mwenyewe, lakini akakubali kwamba dada yake aliye Nairobi ana wateja na lazima ajipange. Mwingine ataona kila kifurushi kinachokwenda kwa mshindani ni pigo. Wewe humjui bado ni yupi kati ya hao, kwa sababu simu ilikatika kabla hujamuuliza.

Na mipaka ya namna hii ipo hata ndani ya mgomo wenyewe. Wafanyakazi wa posta wa Kanada na mwajiri wao walikubaliana kwamba hundi za pensheni na za misaada ya serikali ziendelee kufika kwa wenyewe hata wakati wa mgomo, na wanyama hai waliokuwa tayari njiani wafikishwe. Katika mgomo wa 2024 wafanyakazi wa Purolator, kampuni ya vifurushi ambayo sehemu kubwa inamilikiwa na Canada Post yenyewe, walisema kupitia chama chao cha Teamsters kwamba hawatagusa mzigo uliotoka Canada Post. Lakini mizigo yao ya kila siku waliendelea kuibeba. Kila mmoja alichora mstari wake mahali fulani. Wa mdogo wako umechorwa wapi? Hilo ni swali la dada kumuuliza ndugu, na halihitaji ugomvi.

Naomba pia usikione kilio chake kuwa ni ukaidi. Mwaka 2019 posta yao ilikuwa inabeba takriban asilimia 62 ya vifurushi vya nchi. Kufikia 2023 ilikuwa imeshuka hadi asilimia 29. Yeye anayaona hayo kwenye gari lake kila asubuhi. Mteja akihamia kwingine wakati wa mgomo, mara nyingi harudi, na mgomaji analijua hilo kuliko mtu yeyote. Sikwambii haya ili ubebe mzigo wa posta ya Kanada mgongoni mwako. Vyondo 49 haviwezi kuiangusha wala kuiinua. Nakwambia ili uelewe kwamba alipolitamka neno “wanaongoja tuanguke”, alikuwa anasema kitu anachokiogopa kweli.

Kwa upande mwingine, ana jambo ambalo huenda hajalisikia vizuri, kwa kuwa limemfikia likiwa limefungwa ndani ya lawama. Wale akina mama 18 wa Machakos nao ni wafanyakazi. Hawana chama, hawana mfuko wa mgomo, na mmoja ana deni la mkonge. Ukimweleza hivyo, bila karo ndani yake, nadhani atakuelewa haraka kuliko unavyotarajia. Huyo ni mtu anayesimama barabarani kwa ajili ya wenzake.

Kuna kitu kimoja sikukiona katika barua yako, nami nakitaja kwa upole. Tangu 25 Septemba mdogo wako hana mshahara. Mgomaji hupata posho ndogo kutoka chama chake, kiasi cha kusukuma siku. Je, umemuuliza wanakula nini? Wifi yako anaposema atavipeleka kwa siri, pengine ni mapenzi kwako tu. Pengine pia mambo ya nyumba yamebana, amechoka kusikiliza habari za mgomo mezani, na hiki ndicho kitu pekee anachoweza kukishika kwa mikono yake akakimaliza. Sijui. Lakini ningependa umuulize wifi hali yake kabla ya kumtumia orodha yoyote.

Sasa tuuangalie mpango wake kama ulivyo. Uzuri wake ni kwamba ni wa haraka, na wifi yako si mgomaji. Ana gari lake na akili yake. Hatari zake ni hizi. Vifurushi vyote vitaandikwa anwani ya nyumba yao kama anwani ya mtumaji. Katika 49, viwili au vitatu havitampata mwenyewe, na vitarudi. Vitarudi vikiwa na stika ya kampuni nyingine, mlangoni kwa mpeleka barua aliyegoma, na huenda yeye ndiye atakayefungua mlango. Kuna risiti, kuna taarifa ya kadi ya benki, kuna jirani ambaye ni mfanyakazi mwenzake. Siri ya mizigo 49 ni siri kubwa kuificha ndani ya nyumba ya watu wawili. Ikifichuka, anayelala naye ni wifi yako, wewe uko Kayole. Unaweza kupima yote hayo na bado ukaona inafaa. Ila upime ukijua nani atalipa.

Na je, kama wifi angevipeleka bila siri? Mdogo wako akijua, na asiguse hata kimoja? Kuna wagomaji wangeweza kuishi na hilo. Hapo ingefaa yeye aseme vipelekwe vipi. Kwa mfano, gari la kampuni pinzani kusimama mbele ya nyumba yake mchana kweupe ni jambo moja, na wifi kuvishusha dukani, mahali pa kupokelea vifurushi, ni jambo jingine kabisa.

Tukitoka hapo, kuna mambo ya kazi ambayo hayahitaji ruhusa ya mtu.

Zile tisa zilizokwama, ziache. Ziko ndani ya mfumo na zina namba za kufuatilia. Zitatembea posta ikifunguka. Kishawishi ni kumtuliza mteja kwa kumtumia kiondo kingine, kisha cha kwanza kinafika mwezi unaofuata na wewe umetoa viwili kwa bei ya kimoja. Mwandikie kila mmoja wa hao tisa peke yake, kwa sababu habari yao si sawa na ya wale 49.

Hao 49 nao, je, unajua wanaishi wapi? Mketishe binti yako aipange orodha kwa miji. Kama kumi au kumi na tano wako umbali wa kuendesha gari kutoka kwa mdogo wako, unaweza kuwapa nafasi ya kuja kuchukua wenyewe, mahali pa wazi na si nyumbani kwao, kwa mfano nje ya kanisa ambako Wakenya wa huko hukutana Jumapili. Hapo hakuna kampuni pinzani wala mstari uliovukwa, na huenda mdogo wako akasimama hapo yeye mwenyewe na vyondo mkononi. Hatari ni kwamba wengine hawatakuja, au watasema walilipia kupelekewa. Ukiwarudishia ile sehemu ya nauli, wengi huridhika.

Kwa wanaobaki, kama utatumia kampuni binafsi, angalia anwani kabla ya bei. Sisi hapa tumezoea S.L.P. na mzigo kufuata namba ya simu: “nipigie ukifika steji.” Kule mzigo hufuata namba ya nyumba, na kampuni binafsi kwa kawaida haziwezi kupeleka kwenye sanduku la posta. Mteja wako wa mashambani mwenye sanduku la posta pekee hatafikiwa na gari lolote lisilo la posta. Muulize jina la barabara, namba ya nyumba na simu. Na ujue kwamba mgomo ukianza, kila duka la nchi hiyo hukimbilia kampuni zilezile. Bei hazipungui, na siku za kufika huongezeka. Usimwahidi mteja tarehe.

Kuhusu wateja, nina swali. Watatu wameandika. Hao wengine 55 umewaandikia? Nasikia hofu ya mwaka jana katika barua yako, lakini sijaona kama watu wote waliorudishiwa pesa mwaka jana waliziomba, au uliwatangulia wewe kwa aibu. Wateja hawa wanaishi ndani ya mgomo huo. Masanduku yao ya barua ni matupu, wanausikia redioni kila siku. Hawatashangaa ukiwaambia ukweli. Jambo linalomfanya mtu aende benki kudai pesa kwa nguvu ni ukimya. Barua fupi inatosha, kwa mfano hii:

“Kiondo chako kipo, kimekamilika, na kiko Ontario tayari. Posta imegoma, nami sijui ni lini itafunguka. Unaweza kungoja nami, na nitakuandikia kila Ijumaa. Unaweza kuja kukichukua. Unaweza kuongeza nauli nikakitumia kwa njia nyingine, kama anwani yako inafikika. Ukitaka pesa zako, nitakurudishia.”

Ukiahidi Ijumaa, iwe Ijumaa kweli, hata kama huna jipya. Kwa yule wa benki, ningeogopa kidogo kumwachia muda, kwa sababu dai likishapita benki mara nyingi kunakuwa na ada juu yake, na likirundikana na mengine duka lako linaweza kuwekewa alama. Kumrudishia yeye mmoja sasa inaweza kuwa nafuu kwako. Hesabu ni yako.

Vile 70 vya Krismasi ni habari nyingine, kwa sababu bado viko mikononi mwako. Njia moja ni kuvituma moja kwa moja kutoka Nairobi hadi kwa mteja kwa kampuni za kimataifa. Hapa wengi huumizwa na kitu kimoja: hutozwi kwa mizani peke yake, unatozwa kwa nafasi ambayo mzigo unachukua kwenye ndege. Kampuni nyingi kubwa huzidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, kisha hugawanya kwa 5,000. Kiondo cha 38 kwa 33 kwa 22 kinahesabiwa kilo tano na nusu, ingawa ukikiweka kwenye mizani hakifiki kilo moja. Unalipa kusafirisha hewa. Kikilazwa bapa kwenye boksi la 45 kwa 35 kwa 8, kinashuka hadi kilo mbili na nusu.

Kiondo cha mkonge laini kinakubali kulazwa, wewe unajua kuliko mimi. Ninacho cha marehemu mama yangu ambacho kilikaa chini ya godoro miaka mingi. Nilikipangusa kwa kitambaa chenye maji, ndani na nje, nikakijaza magazeti, nikakiacha dirishani. Asubuhi kilikuwa kimesimama, tumbo limerudi, na mstari wa zambarau uliofifia ukaonekana tena. Kwa hivyo waulize mafundi wako wa Kariokor kama mikanda inaweza kutiwa kwa namna ya kulala ndani bila ngozi kuvunjika, na umwekee mteja kikaratasi cha kumwelekeza. Jaribu na vitatu kwanza. Ngozi ikivunjika, bora ivunjike hapa.

Kitu kingine ni ushuru. Mzigo wa kutoka Kenya wenye thamani inayozidi dola 20 za Kanada unaweza kutozwa ushuru na kodi ukiingia, na kampuni binafsi huongeza ada yake ya kuutoa forodhani. Ule uliokuwa unalipwa kimyakimya na mdogo wako kwenye shehena utamwangukia mteja mlangoni, na mteja aliyelipa dola 70 akiombwa nyingine mlangoni hurudisha mzigo. Kuna utaratibu wa mtumaji kulipa hayo yote mapema. Uliza bei yake kabla hujaweka bei ya Krismasi.

Njia ya pili ni kuendelea na shehena moja kubwa, lakini ipokelewe na ghala la kukodi ambalo kazi yake ni kuhifadhi bidhaa za watu, kufunga oda na kuzituma kwa njia yoyote iliyo wazi siku hiyo. Inamtoa mdogo wako katikati, na kwa miezi hii huenda ikawa nafuu kwa wote wawili. Ila kuna kodi ya kila mwezi, na vyondo 70 ni vichache kwa maghala mengi. Tena fikiria: je, kufunga vile vyondo usiku kwa miaka sita ilikuwa mzigo kwake, au ilikuwa njia yake ya kukaa nyumbani kwenu akiwa mbali? Kabla hujamwondolea, muulize.

Utaambiwa pia utume kwa mikono ya wasafiri. Kwa viwili vitatu vya zawadi, sawa. Kwa bidhaa za kuuza, msafiri lazima azitangaze forodhani, na asipozitangaza matatizo ni yake, si yako. Na utaambiwa upitishie Marekani kwa jamaa wa karibu na mpaka. Hiyo ilikuwa njia ya wengi, lakini tangu 29 Agosti 2025 Marekani imefuta msamaha wa ushuru kwa vifurushi vya thamani ya hadi dola 800, na wakati huo posta za nchi nyingi zilisimamisha kwa muda kupeleka vifurushi huko. Unaweza kujikuta umelipa ushuru mara mbili kwa kiondo kimoja.

Nilipokuwa namalizia jibu hili, chama cha mdogo wako kimetangaza kwamba kuanzia Jumamosi, 11 Oktoba 2025, mgomo wa nchi nzima utageuka kuwa wa zamu: leo mji huu, kesho ule. Maana yake ni kwamba posta itaanza kutembea, kwa kuchechemea. Inaweza kuwa nafuu kubwa kwako, kwani mstari ambao mdogo wako hakuweza kuuvuka utakuwa umesogea wenyewe, na huenda atakuwa kazini siku nyingi za wiki. Lakini usivimwage vyote 49 siku ya kwanza. Mwaka jana, baada ya 17 Desemba, mrundikano uliendelea hadi Januari. Na mgomo wa zamu unaweza kugeuka tena kuwa wa nchi nzima, au ukaisha ghafla.

Ni miji gani itakayofunguka kwanza? Ni vifurushi vya namna gani hupita upesi mrundikano ukiwa mkubwa? Ni bora kuvipeleka vitano kila siku au ishirini kila Jumatatu? Mimi siwezi kukujibu hayo, wala kampuni yoyote ya Nairobi haiwezi. Yuko mtu mmoja anayejua, ameifanya kazi hiyo kwa miguu yake kwenye theluji, na amekuwa akikufanyia bila kudai hata senti. Sijui kama ataanza yeye kupiga au wewe. Sijui kama lile neno la karo litahitaji kuombewa radhi kwa sauti au litaondoka lenyewe mkianza kuongea habari za nyumbani kwake. Wewe ndiye uliyemlea, unajua jinsi anavyonyamaza na maana ya kila kunyamaza kwake.

Na binti yako usimwache bila jibu. Hahitaji jibu kamili. Anaweza kuambiwa tu kwamba mjomba ana haki, na akina mama wa Machakos wana haki, na mama yake amekaa usiku kucha akitafuta jinsi ya kutomkosea yeyote. Ni mtu mzima, ataelewa. Mpe ile orodha aipange kwa miji, kisha niandikie ni wangapi kati ya 49 wanaoishi karibu na mdogo wako, na ni wangapi wana sanduku la posta pekee. Tutaendelea kutoka hapo.